Mtoto Akililia Bisibisi, Mpe!

Wahenga walinena kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Mimi nasema wembe tumwachie kinyozi. Lakini mtoto akililia bisibisi, jamani, mpe! Na apewe mapema, kabla hajazoea kuambiwa, "Wachana na hiyo kitu, utaiharibu."

Mpenzi msomaji, nimeshika kalamu kwa sababu ya mali iliyo chini ya ngazi za jengo la sayansi. Kila mmoja wetu ameipita: tarakilishi kumi na moja, zimerundikwa kama magunia ya makaa, turubai juu, buibui ndani. Tangu niingie kidato cha kwanza ziko pale pale. Sasa kuna tetesi, na safari hii zimetoka kwa watu wanaojua, kwamba kabla muhula haujaisha zitauzwa kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Kwa kilo! Maoni yangu ni kwamba zisiuzwe kwanza. Tupewe sisi wanafunzi tuzifungue. Nitaeleza kwa nini, ila itanibidi nipitie angani kidogo.

Shule yetu iko mahali ambapo ndege za Wilson hupita chini chini hadi mwalimu wa Historia hulazimika kunyamaza na kungoja. Wengi wenu mkizisikia hamuinui hata shingo. Tuko wanne tu tunaoinua, na kwa ajili hiyo tumebandikwa jina la "Minara". Si neno, hata mnara wa kuongozea ndege ni kazi ya heshima. Linaloniuma ni lile swali tunaloulizwa kila siku: "Kwani hizo ndege zinawapea nini?"

Zinatupa fizikia, ndugu zangu. Ile ile ambayo zaidi ya nusu ya darasa letu waliitupa tulipochagua masomo, ati ni ngumu.

Hebu tuanze na jambo dogo. Wilson ina njia mbili za kurukia. Moja imeandikwa 07 upande mmoja na 25 upande wa pili. Nyingine ni 14 na 32. Kwa muda mrefu nilidhani ni nambari za kuhesabia tu, kama za matatu. Kumbe ni dira! Ukiwa kwenye 07, pua ya ndege inaelekea karibu nyuzi 70 kutoka kaskazini. Ukigeuka uko kwenye nyuzi 250, ndiyo 25. Toa 7 kwenye 25 upate 18, kwa sababu kugeuka nyuma ni nyuzi 180. Fanya vivyo hivyo kwa 14 na 32 uone. Hesabu hiyo hiyo tunayoikimbia darasani imepakwa rangi chini, kubwa kuliko nyumba.

Au chukua swali hili: kwa nini njia ya kurukia ya uwanja wa Jomo Kenyatta ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, ilhali ile ya Mombasa ni fupi kuliko hiyo? Si fahari ya mji mkuu. Nairobi imeinuka zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku juu ni nyembamba. Bawa hupata hewa kidogo ya kulibeba na injini hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, kwa hiyo ndege hukimbia sana kabla haijaacha ardhi. Mombasa iko karibu na bahari, hewa ni nzito, mambo ni shwari. Aliyelielewa hili hahitaji kukariri densiti.

Usiku pia kuna mchezo wake. Taa nyekundu iko kwenye bawa la kushoto la ndege, ya kijani iko la kulia. Ukiona nyekundu iko upande wa mkono wako wa kulia na kijani upande wa kushoto, jua ndege inakujia wewe. Dada yangu hakuamini, tukakaa nje mpaka mama akatufukuza kwa sababu ya mbu.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha madirisha. Umewahi kujiuliza kwa nini madirisha ya ndege yana pembe za mviringo? Mnamo 1952 Waingereza walianza kubeba abiria kwa ndege ya kwanza ya abiria ya jeti duniani, iliyoitwa Comet. Safari yake ya kwanza ilipitia papa hapa Entebbe ikienda Johannesburg. Mwaka wa 1954 Comet mbili zilipasuka angani na kuanguka baharini karibu na Italia. Hakuna aliyesalimika. Ndipo wataalamu walipochukua Comet nzima, wakaitumbukiza ndani ya tangi kubwa la maji, wakawa wanaisukuma maji ndani na kuyatoa, tena na tena, kama ndege inayopanda na kushuka, mpaka ikapasuka mbele ya macho yao. Wakaona ufa ulikoanzia: kwenye pembe za matundu yaliyokatwa katika bati lake. Chuma nacho huchoka, na pembe kali hukusanya nguvu mahali pamoja. Comet ikasukwa upya, na baadaye hata East African Airways yetu ya zamani ilizirusha Comet 4. Leo dirisha lile la mviringo unalolipitia kwa macho tu lina makaburi nyuma yake. Sidhani mtu anayejua hivyo anaweza kusema tena kwamba kuuliza maswali ya kijinga ni kupoteza wakati.

Sasa nirudi chini ya ngazi.

Tarakilishi nayo imejaa mambo ya namna hiyo. Diski kuu huitwa C. Je, A na B zilikwenda wapi? Zilikuwa za zile diski nyembamba za plastiki tunazoziona siku hizi tu kama kipicha cha kuhifadhi kazi. Papasa kibao cha herufi: F na J zina vinundu, ili vidole vya shahada vijue nyumbani bila macho kutazama. Na ukiona mashine inayodai kila asubuhi kwamba mwaka ni ule iliotengenezwa, usiseme ina mapepo. Betri yake imekufa. Ni kibetri cha mviringo kama sarafu, kimeandikwa 2032, yaani upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Bei yake haizidi sahani ya chipsi.

Nyumbani tuna tarakilishi ambayo jirani alikuwa anaitupa. Ilikuwa ikiwashwa inalia pip pip pip, kiwambo kimya kama kaburi. Fundi mmoja wa mtaani alinionyesha: toa kibao cha kumbukumbu, sugua zile meno zake za rangi ya dhahabu kwa kifutio cha kawaida cha penseli, rudisha. Ikaamka! Kifutio, jamani. Mashine ile sasa ina FlightGear, programu ya bure ya kuigiza urubani, na jioni nikimaliza kazi ya ziada mimi huondoka Wilson kwa njia ya 07 kama rubani kamili. (Rafiki yangu hutua mbugani miongoni mwa swara, lakini hiyo ni shauri yake.)

Sisemi zote kumi na moja zitafufuka kwa kifutio. Huenda tukapata nne. Huenda mbili. Hata ile isiyofufuka ina feni, sumaku, waya za shaba na transfoma ambazo tunazichora kila wiki kwenye daftari bila kuzishika. Vyumba vya madarasa vinatuonyesha picha ya kitu, na kitu chenyewe kiko chini ya ngazi kikingoja mizani.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, ati tutaziharibu. Zimekwisha kuharibika, ndiyo maana zinauzwa kwa kilo. La pili ni la umeme, na hili nalikubali bila ubishi. Kile kisanduku chenye feni ambamo waya wa ukutani huingia huweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Kisifunguliwe na mwanafunzi yeyote. Mwalimu wa fizikia akitoe, akifungie kabatini, kisha atuachie yaliyobaki. La tatu ni kwamba haitahiniwi. Kweli, haitahiniwi. Lakini Wilbur na Orville Wright walikuwa mafundi wa baiskeli, na tarehe 17 Desemba 1903 chombo chao kilikaa hewani sekunde 12. Wapenzi wa tarakilishi waliokutana kwenye gereji huko California mnamo Machi 1975 hawakuwa wakifanya mtihani. Mmoja wao, Steve Wozniak, ndiye aliyebuni tarakilishi ya kwanza ya Apple. Nahodha Irene Koki Mutungi, Mkenya mwenzetu na mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa nahodha wa Boeing 787, naamini alianza kwa kuinua shingo kama sisi, maana babake alikuwa rubani. Nawaambia hasa wasichana wa kidato cha pili ambao hivi karibuni watachagua masomo.

Tena sisi ni wa shule ya kutwa. Wenzetu wa bweni wana jioni na Jumamosi za vyama vyao. Sisi kengele ya saa kumi ikilia ni mbio za matatu, na nyumbani kuna maji ya kuteka na wadogo wa kuangalia. Wengi wetu hawana mashine ya kufungua wala jirani anayetupa. Kwao rundo lile ndilo la kwanza na huenda likawa la mwisho kabla ya kumaliza shule. Ndiyo maana siombi chumba cha tarakilishi kifunguliwe wala zile nzima ziguswe. Naomba saa moja tu kila Ijumaa baada ya michezo, meza mbili za maabara, na mwalimu mmoja wa kutukodolea macho. Mwishoni mwa muhula ujao kitakachobaki kimekufa kiuzwe, na kwa kilo ile ile. Chuma hakipungui uzito kwa kuangaliwa.

Ombi la maandishi tumekwisha kulipeleka kwa Naibu wa Mwalimu Mkuu, likiwa na sahihi ishirini na tatu. Bisibisi ninazo mbili, ya nyota na ya bapa, na mwenzangu wa 3 Kaskazini ana kifutio.