Nyasi bandia hazioti upya: nani atautunza uwanja baada ya utepe kukatwa?

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, vijana wengi wa vijijini huchezea mpira kwenye viwanja vya shule, ambavyo ng'ombe nao huvifanya malisho. Masika ni tope, kiangazi ni vumbi. Ndiyo maana uwanja wa nyasi bandia ukitajwa, watu hushangilia. Swali lisiloulizwa mara nyingi ni hili: ukishajengwa, nani atautunza?

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, nyasi bandia si kitu cha mbali. Uwanja wa Nyamagana jijini Mwanza na ule wa Kaitaba mjini Bukoba ilitandikwa nyasi hizo kwa msaada wa FIFA kupitia TFF. Mwaka 2021 Serikali ilianza kuondoa kodi ya VAT kwenye nyasi bandia za viwanja vya mpira, ikianzia na viwanja vya majiji. Sasa Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON 2027, na hamu ya viwanja bora imepanda hadi ngazi ya kata.

Zulia la plastiki

Uwanja huu ni zulia la plastiki lililotandikwa juu ya kokoto zilizoshindiliwa. Katikati ya nyuzi humwagwa mchanga, kisha chembe za mpira. Mchanga hulishikilia zulia lisihame, na chembe hupunguza kishindo mchezaji anapoanguka.

Nyasi za asili zikichubuka, mvua ikinyesha huota tena. Nyuzi za plastiki zikikatika, ndiyo basi. Uwanja uliotunzwa vizuri hudumu takriban miaka minane hadi kumi. Uliotelekezwa hufa mapema: chembe hushindiliwa, uwanja unakuwa mgumu kama sakafu, magoti na vifundo vya wachezaji vinaumia, na maji yanatuama.

FIFA yenyewe haiamini kipimo cha siku ya ufunguzi peke yake. Cheti chake cha daraja la juu hudumu mwaka mmoja, na kile cha daraja linalofuata miaka mitatu. Baada ya hapo uwanja hupimwa upya.

Kazi zenyewe

Utunzaji si kazi ya ajabu, ila haitaki kurukwa:

- Kupiga brashi mara kwa mara ili nyuzi zisimame na chembe zisambae sawasawa.
- Kuongeza chembe zinapopungua, hasa mbele ya goli, kwenye alama ya penalti na kwenye kona.
- Kuokota takataka, kung'oa magugu ya kingoni na kuzibua mifereji.
- Kugundisha maungio yanapoanza kuachia, kabla mwanya haujawa mkubwa.
- Kuzuia moto, sigara, bigijii, mifugo, magari na njumu za chuma.

Jua nalo lina sehemu yake. Mchana wa kiangazi plastiki hupata moto kuliko nyasi za asili, hivyo watoto wapangiwe asubuhi au jioni.

Fedha zitoke wapi?

Tarime ina mgodi wa dhahabu wa North Mara. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa kusaidia jamii kwa kushirikiana na halmashauri. Serengeti nayo ina utalii. Fedha za namna hii zinaweza kujenga uwanja mara moja, lakini brashi, chembe na mshahara wa mtunzaji vinahitajika kila mwaka. Kwa hiyo matengenezo yanapaswa kuwa na kifungu chake katika bajeti ya halmashauri, ambayo mwaka wake huanza Julai 1.

Mikutano ya hadhara na matamasha nayo yawekewe masharti mapema. Fuso lililobeba jukwaa na maspika likiingia katikati ya uwanja, linaweza kuharibu kwa siku moja kilichotunzwa mwaka mzima.

Muulize diwani wako

Mradi kama huu ukiletwa kwenye mkutano wa kijiji au kata, uliza kabla hamjaupitisha:

1. Mtunzaji ni nani, na mkandarasi atamfundisha kazi?
2. Fedha za matengenezo ziko kwenye kifungu kipi?
3. Shule na timu za kijiji zitacheza saa ngapi bila malipo?
4. Zulia likichakaa litatupwa wapi? Chembe za mpira husombwa na mvua hadi mitoni, na Mto Mara ni maji ya watu, mifugo na wanyamapori. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kuzipiga marufuku sokoni kuanzia 2031.

Majibu yakikosekana, ni heri kiwanja cha nyasi za asili kilichosawazishwa, chenye mifereji na uzio wa kuzuia ng'ombe. Gharama yake ni ndogo, na kijiji kinaweza kukitunza chenyewe kwa majembe na fyekeo.