Nywila zitunzwe bila kutusumbua

MEZA YA KAZI
Na Rehema Kilindo

Watu wengi ninaowashauri waweke programu ya kutunza nywila kwenye kompyuta zao hukubali, wakaitumia siku chache, halafu wakaifuta. Ukiwauliza sababu, hakuna anayesema programu ni mbovu. Wanasema inasumbua. Dirisha lake linajitokeza katikati ya kazi, linadai nywila kuu kila mara, na ukibofya alama ya X ili kulifunga unakuta umeizima programu nzima, uanze tena mwanzo. Mlinzi wa geti anayekudai kitambulisho kila unapotoka sebuleni kwenda jikoni hadumu kazini, hata awe hodari vipi.

Nawaelewa, na nasikitika pia, kwa sababu kero hiyo huondoka kwa dakika chache za kupanga mipangilio.

Chukua KeePassXC, programu ya bure inayotumika kwenye Windows, macOS na Linux. Unaweza kuiamuru ijiwashe yenyewe kompyuta inapowaka, ianze ikiwa imejificha, na alama yake ndogo ikae pembeni karibu na saa. Kuna sehemu nyingine ya kuchagua ili ile X ifiche dirisha tu, isiizime programu. Ukishapanga hivyo, asubuhi unaandika nywila kuu na kuendelea na shughuli zako. Ukifika kwenye ukurasa wa kuingilia barua pepe, kiendelezi kilichounganishwa na kivinjari kinakujazia jina na nywila. Dirisha lenyewe unaweza kufanya kazi saa nyingi bila kuliona tena.

Sasa mfikirie mhasibu wa kampuni ndogo hapa Dar es Salaam. Kabla ya saa sita mchana ameshaingia mfumo wa TRA, wa NSSF, wa BRELA, wa benki mbili na barua pepe ya ofisi. Nani atakariri nywila sita ndefu zisizofanana? Atafanya wanachofanya wengi: nywila moja kwa mifumo yote, jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, au karatasi chini ya kibodi. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou ilidukuliwa, zikavuja nywila milioni 32 zilizokuwa zimehifadhiwa bila kusimbwa. Iliyoongoza kwa kutumiwa na watu wengi ilikuwa 123456. Orodha za aina hiyo ndizo wadukuzi huzichukua na kuzijaribu kwenye mifumo mingine, wakijua wazi kwamba watu hurudia nywila. Nywila ya mchezo wa mtandaoni uliousahau inaweza kufungua barua pepe ya kazini leo.

Lakini sababu inayonifanya nisisitize programu hii ikae nyuma na kufanya kazi muda wote ni nyingine, na sioni ikizungumzwa vya kutosha. Kiendelezi hakiangalii nembo wala rangi za ukurasa. Kinalinganisha anwani ya tovuti na ile uliyoihifadhi. Tapeli akikutumia kiungo cha benki bandia, herufi moja tu ikiwa imebadilishwa, jicho lako lililochoka saa kumi jioni linaweza kupita bila kuona. Programu haitajaza chochote. Mtu aliyezoea kujaziwa kila siku atashtuka kuona nafasi zimebaki tupu, na mshtuko huo unatosha kumfanya asome anwani upya. Asiye na mazoea hayo hana cha kumshtua, maana yeye huandika mwenyewe popote anapoombwa. Ndiyo maana programu inayowashwa mara moja kwa wiki, kwa shingo upande, inampa mwenyewe nusu tu ya kinga yake.

Wapo wanaouliza: ikikaa nyuma siku nzima, si atakayeketi kwenye kiti changu atakuta kila kitu? Swali ni la haki kabisa. Kukaa nyuma kusiwe kukaa wazi. Ndani ya mipangilio ileile, amuru ijifunge ukikaa dakika kadhaa bila kugusa kompyuta, na pia skrini inapofungwa au unapofunika kompyuta mpakato. Ukinakili nywila, KeePassXC huifuta kwenye kumbukumbu ya kunakili baada ya sekunde 10, usipobadilisha muda huo. Usiuongeze.

Hatari nyingine hazimalizwi na mipangilio peke yake. Mwaka 2023 katika KeePass (si KeePassXC), programu kongwe iliyoanzishwa na Mjerumani Dominik Reichl mwaka 2003, iligunduliwa kasoro iliyomwezesha mtu aliyefikia kumbukumbu ya kompyuta kuipata nywila kuu karibu yote. Ilirekebishwa katika toleo la 2.54, Juni mwaka huohuo. Aliyepuuza masasisho alibaki na tundu. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za hifadhi za nywila za wateja wa LastPass, huduma nyingine ya kutunza nywila. Nywila zilikuwa zimesimbwa, lakini mwenye nywila kuu fupi amemwachia mwizi nafasi ya kubahatisha kwa muda anaoutaka. Nywila kuu iwe maneno manne au matano yasiyohusiana, unayoweza kuyakumbuka bila kuyaandika.

Na kuna mahali ambapo nasema hapana moja kwa moja: kompyuta ya watu wengi. Vijana wetu hujaza maombi ya chuo, ya mkopo na ya ajira kwenye maduka ya stesheneri, na mara nyingine nywila zao huandikwa kwenye daftari la kaunta ili kijana wa dukani awasaidie wakirudi. Dada yangu, kaka yangu, usiweke hifadhi yako pale. Iweke kwenye simu yako, uisome huko, uandike kwa mkono wako, na utoke kwenye akaunti kabla hujaondoka kitini.

Ofisi nazo zina wajibu. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa nywila wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2003, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ilishauri watumiaji wasilazimishwe kubadili nywila kila baada ya muda fulani bila dalili ya uvujaji, na waruhusiwe kubandika nywila waliyoinakili. Bado kuna ofisi zinazowalazimisha wafanyakazi kubadili nywila kila siku 90, wakaongeza tarakimu mwishoni na kuendelea.

Afisa TEHAMA unayesoma safu hii, naomba ulifute sharti hilo. Kisha pita meza kwa meza, umwekee kila mfanyakazi programu ya kutunza nywila, uipange ijiwashe, ijifiche na ijifunge, na ukae naye mpaka aingie mfumo wake wa kwanza nayo.