Hisa za makampuni ya zamani: karatasi ya tajiri peke yake haitoshi

Kule Ulaya, hasa Ubelgiji, kuna watu wanaokusanya hati za hisa za makampuni ambayo leo hayapo tena kwa majina yake ya zamani. Kati ya hati hizo ziko za Union Minière du Haut-Katanga, Géomines ya Manono na Symétain ya Maniema, makampuni yaliyochimba shaba, urani na kasiterite wakati wa vita ya pili ya dunia. Wakusanyaji wanapenda michoro yake, sahihi za wakurugenzi na vikuponi vya pembeni. Si jambo baya: bila wao, makaratasi mengi yangechomwa moto.

Lakini hati hizo zinawahusu Wakongomani pia, na inafaa wajue kuzisoma. Kikuponi kikikatwa, maana yake mwenye hisa alikipeleka benki akalipwa faida yake. Mchimbaji hana hata alama moja juu ya karatasi ile. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, maana bei zilikuwa zimepanda. Askari waliwapiga risasi uwanjani. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao, akauawa. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ikaongeza kazi ya lazima vijijini kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Urani ya Shinkolobwe nayo ilikwenda Marekani kutengeneza bomu la atomiki.

Kwa hiyo makumbusho na vyuo vikuu vya Congo vingefanya vizuri kununua baadhi ya hati hizi, maana nyingi haziuzwi bei kubwa. Ila zisitundikwe peke yake. Zikae karibu na vitabu vya kazi, picha na karatasi za pensheni ambazo familia za Likasi, Kalima na Manono bado zinazo ndani ya masanduku, zikiliwa na mchwa. Hizo hakuna tajiri wa Ulaya anayezitafuta. Zikioza, zimekwisha.

Na wazee wajihadhari: hati ya kampuni iliyokufa haimpi mtu haki juu ya mgodi. Anayeomba pesa kwanza ili "afuatilie mamilioni" ni mwizi tu. Faida ya karatasi hizo leo ni ushahidi, na ushahidi unahitaji pande zote mbili.