Jiko Linachorwa na Wasiopika

Fungua ramani ya nyumba yoyote inayouzwa mijini mwetu leo. Sebule imetengewa wageni kumi wanaofika mara mbili kwa mwaka. Jiko, linalotumika mara tatu kwa siku, limesukumwa katika kona iliyosalia baada ya choo cha wageni kupata nafasi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami nadai kuwa majiko yetu huchorwa na watu wasiowahi kukaa mbele ya chungu.

Wenye nacho wamezidi. Hujenga majiko mawili: la ndani, lenye makabati yanayong'aa, la kuonyeshwa, na la uani, chini ya bati na moshi, ambako dada wa kazi ndiko anakopika. Hayo ni matabaka yaliyojengwa kwa matofali.

Mwaka 1926, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alianza kwa kupima kazi yenyewe: mpishi anatembea hatua ngapi, anainama mara ngapi. Jiko lake, la takribani mita 1.9 kwa 3.4, liliwekwa katika nyumba zipatazo 10,000. Wakosoaji walisema baadaye, na kwa haki, kwamba lilimfungia mwanamke mmoja peke yake. Sisi tuchukue kipimo chake, tuuache upweke wake.

Familia yenye shughuli nyingi inahitaji meza ya kazi inayofika kiunoni na nafasi ya watu wawili kupishana, mmoja akiosha mchele, mwingine akikuna nazi. Inahitaji madirisha katika kuta mbili ili hewa ipite, stoo ya unga iliyo karibu, na mahali pa mapipa ya maji, maana bomba hukauka. Mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni. Rangi ya makabati hupitwa na wakati. Dirisha lililokaa mahali pake halipitwi.

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Lengo ni jema. Lakini mitungi hiyo inaingia katika chumba gani?

Nitaambiwa kuwa maskini hana uchaguzi. Dirisha halidai utajiri. Ladai kuwamo katika mchoro kabla ya tofali la kwanza.

Basi, afisa unayegonga muhuri wa kibali cha ujenzi, uliza hewa ya jikoni inaingilia wapi. Mwanafunzi wa usanifu, kabla ya kushika kalamu, kasonge ugali wa watu wanane katika jiko la nyumba ya kupanga. Na sisi wanaume tunaojitapa kuwa jikoni si mahali petu, tuache kuamua ukubwa wake.