Picha Yao, Pasiwedi Yetu

Miaka kadhaa nyuma kampuni moja ya kidijitali mjini Arusha ilinipa kazi ya kutafsiri tovuti. Siitaji jina, waliohusika wanajijua. Mteja wao alikuwa anauza safari za watalii. Ukurasa wa kwanza ulijaa picha moja: mzee wa Kimaasai ameegemea fimbo, jua linazama nyuma yake. Maelezo ya Kiingereza yalimwita morani wa kale anayezungumza na mababu zake. Kijana aliyepiga ile picha alikuwa amekaa meza ya pili. Nikamwuliza mzee alikuwa anafanya nini pale. Akacheka.

"Alikuwa anatafuta ndama wake. Amezunguka tangu mchana."

"Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza, kaka."

Mtoto yeyote wa boma angetuambia kwamba mzee yule si morani. Rika lake lilishavuka huko zamani. Lakini hakuna mtoto wa boma aliyeulizwa. Nikatafsiri kama ilivyoandikwa, nikalipwa, nikaenda kula. Kwa hiyo lawama ninazozitoa hapa zinaanza na mimi.

Siku hizi kampuni za namna ile zimejifunza maneno mapya. Zinajumuisha. Zinapaza sauti za jamii za asili. Zinaweka shanga kwenye nembo na kuandaa semina hotelini, na katika semina ile Mmaasai pekee ni askari wa getini. Jamani! Mimi nina swali moja tu la kuwauliza: mradi ukiisha, pasiwedi inabaki kwa nani?

Swali linaonekana dogo. Lakini mwenye pasiwedi ndiye anayeamua picha gani ikae na ipi itolewe, habari gani isahihishwe, na lini tovuti ifungwe kabisa. Anwani ya tovuti ikisajiliwa kwa jina la kampuni, picha zikikaa kwenye kompyuta ya kampuni, na hakimiliki ikiwa ya kampuni, basi jamii haikujumuishwa. Imetumika kama pambo.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: "Hivi Tanzania hii nani si mwenyeji? Sote ni wa asili." Hoja hiyo ilishajibiwa, tena hapo hapo Arusha. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwatambua Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya kuwa jamii ya asili, ikasema serikali ilivunja haki zao kwa kuwatoa msituni. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi yao. Mahakama haikuangalia tu nani alitangulia kufika. Iliangalia pia utamaduni ambao Waogiek wanauendeleza, wanavyojitambua wenyewe, na kutengwa kulikowapata. Mwenye duka la Kariakoo na Mhadzabe wa bonde la Eyasi wote ni Watanzania, sawa, lakini hawajaonja Tanzania ileile.

Jibu la pili: "Sisi ni mafundi tu, mteja ndiye anaamua." Fundi akijengea mtu nyumba kwenye kiwanja cha wizi huku anajua ni cha wizi, atasema yeye alileta matofali tu? Kule Kenya ipo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na msingi wake ni kwamba jamii iombwe ridhaa kabla mali yake ya kitamaduni haijatumiwa. Kabla, si baada ya picha kusambaa. Hata pasipo sheria kama hiyo, adabu ipo. Hodi hupigwa mlangoni. Haipigwi ukiwa umeshakaa sebuleni.

Jibu la tatu ndilo linanichekesha zaidi: "Jamii hizi hazina uwezo wa kiteknolojia." Basi wasikilizeni Wamaori wa kaskazini mwa New Zealand. Redio yao ya Te Hiku Media ilitaka kompyuta ielewe lugha yao. Wakawaita watu wao wasome sentensi kwa sauti na kujirekodi, na kwa siku kumi tu wakapata zaidi ya saa 300 za sauti. Makampuni ya nje yakazitamani. Te Hiku wakakataa kuziuza. Wakaandika leseni yao wenyewe, ambayo msingi wake ni ulinzi: sauti za wazee ni amana, na anayezitumia atazitumia kwa manufaa ya waliozitoa. Programu wakaitengeneza wao. Hawa walikosa uwezo gani?

Kwa hiyo kampuni inayotaka kusaidia kweli haihitaji semina. Iombe ridhaa kwa kila matumizi, si karatasi moja ya kusaini inayoruhusu kila kitu milele; na mtu akisema toeni picha yangu, itoke. Iweke malipo ya jamii kwenye ankara, mstari wake, sawa na malipo ya mbunifu. Iajiri kijana wa jamii ile afanye kazi ya kuandika na kubuni, si ya kutafsiri maamuzi yaliyokwisha kufanywa. Isiweke mahali pa matambiko kwenye ramani ya mtandaoni bila wenyewe kukubali. Itengeneze kitu kisichomaliza bando. Na kwa mama mwenye kitochi asiyesoma, itengeneze sauti ya Kimaa anayoweza kuisikia kwa kupiga namba. Mwisho kabisa, ifundishe watu kuendesha chombo chao, ikabidhi funguo, iondoke.

Na sisi wa Kiswahili tusijifiche nyuma ya kampuni. Kila siku tunalalamika humu kwamba Kiingereza kinatumeza. Ni haki yetu. Lakini mtu wa Longido akifungua tovuti inayomhusu na kukuta Kiswahili sanifu kitupu, sisi tumekuwa nani kwake? Hili jina Wandorobo tulilozoea kuwaita wawindaji wa misituni, asili yake ni neno la Kimaa la kumtaja mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Kiswahili kikalibeba bila kuuliza, likaingia vitabuni, na wenye majina yao bado wanahangaika kulifuta. Kumwandika mtu kwa jina asilojipa tulianza sisi, kabla ya intaneti.

Ndugu msomaji, wengi wenu mnaandika, mnatafsiri, mnahariri kwa malipo. Kazi kama ile ikija, uliza kabla ya kukubali: mtu huyu pichani anaitwa nani, ameridhia nini, analipwa kiasi gani? Wakikosa jibu, irudishe. Najua ada ya nyumba haisubiri. Na mimi nilikuwa nadaiwa mwezi ule. Lakini tovuti ile ipo mpaka leo, maneno yangu yapo chini ya picha ile, na mimi sina pasiwedi ya kuyafuta. Mzee naye hana. Wala hadi leo sijui kama ndama alipatikana.