Nyimbo za Wazee na Daftari la Wenyewe

Katika mwaka wa 1950 Bwana Hugh Tracey aliingia nchi ya Wakipsigis na mashine yake ya kunasa sauti. Huko Kapkatet, ng'ambo ya Bomet kwa mtu atokaye Longisa, Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake walimwimbia Chemirocha. Asili ya jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake iliwafikia kwa santuri. Kwa kuwa hawakumwona kamwe, walimfanya nusu mtu nusu paa, wakamwalika aje kucheza nao. Kumbe urithi haumfukuzi mgeni. Humvika nguo za nyumbani.

Nyimbo hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Nakala zake zilirudi kwa Wakipsigis baada ya miaka zaidi ya 60, na ziliweza kurudi kwa sababu ndogo ambayo kila karani ataithamini: jina la mwimbaji na mahali pake viliandikwa.

Leo vijana wa Longisa wanasa sauti kwa simu ya mkononi, lakini ni wangapi waandikao jina? Mzee apigaye chepkong'o akifa hivyo, sauti yake hubaki kama ng'ombe asiye na alama, na kila apitaye humswaga.

Wako wasemao kwamba kutunza mambo ya Kipsigis ni kuwabagua majirani. Mashamba ya chai yamewaleta Wajaluo na nyatiti, Wakisii na obokano, Wabukusu na litungu. Vipangwe vyote pamoja na chepkong'o: kila kimoja ni mzinga uliowambwa ngozi, wenye mikono miwili, mti wa kukingama na nyuzi. Ni ndugu, na daftari moja lawatosha.

Katiba ya mwaka 2010 yataka jamii zilipwe utamaduni wao utumiwapo, na sheria ya mwaka 2016 yalinda maarifa ya jadi. Kazi za utamaduni zimekabidhiwa serikali za kaunti. Lakini atalipwa nani, ikiwa hakuna jina?

Jambo moja lataka uangalifu. Nyimbo za jando si za kila sikio. Kabla simu haijafunguliwa, wazee na waulizwe ni zipi za kunaswa na ni zipi za kuachwa huko huko ziimbwako, na jibu lao liandikwe katika daftari lile lile.