Nani Kasema Jengo la Juzi Halitazamwi?

"Kasulu kuna nini cha kuona?" Swali hili halisubiri jibu. Huulizwa na mwongoza watalii anayewahi Gombe, huulizwa na mtumishi aliyehamishiwa huko akihesabu siku za kuondoka, na la kuudhi kuliko yote, huulizwa na mwenyeji mwenyewe, tena akicheka. Imani iliyo nyuma yake ni kwamba majengo ya kutazamwa yako Mji Mkongwe, Bagamoyo na Kilwa. Huku bara mtu atafute kuta za Mjerumani, akizikosa apande gari aende zake. Mkoa nao umekubali kuchorwa hivyo. Kigoma ya vipeperushi ina sokwe wa Gombe na Mahale, ina kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji, ina meli ya Liemba na stesheni ya reli iliyowasili ziwani mwaka 1914. Yaani sokwe, Mzungu, meli na reli. Waha, wenyeji wa mkoa huu, waliofyatua tofali, wakazichoma kwenye tanuru na kuisimamisha miji ya Kasulu na Kibondo hawamo, utadhani miji hiyo iliota baada ya mvua za masika.

Ujinga huu una mizizi hadi kwenye sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalitambua jengo kuwa la kale likiwa limejengwa kabla ya 1863. Mlango wa kuchongwa umefanyiwa hisani: wenyewe unalindwa ukiwa wa kabla ya 1940. Ni kweli Waziri anaweza kutangaza jengo la baadaye likalindwa, lakini hiyo ni ruhusa ya kuombwa, na anayeamini kwamba hana kitu hawezi kuomba. Mwaka 1863 hata Stanley alikuwa amebakiza miaka minane kabla ya kuikanyaga Ujiji. Taifa lililopata uhuru 1961 liliketi miaka mitatu baadaye likapitisha tarehe inayoacha nje kila kitu litakachokijenga kwa mikono yake. Halafu tunashangaa vijana wanaposema nchi hii haina majengo.

Kinachofanya jengo litazamike ni mtu wa kulieleza. Ukuta wa Mji Mkongwe ukiachwa bila mwelezaji ni chokaa inayobanduka na unyevu unaopanda. Mgeni anasimama mbele yake kwa heshima kwa sababu yupo kijana wa kumwambia mawe yalichimbwa wapi, nyumba ilikuwa ya nani na kwa nini baraza limejengwa nje. Hata kituo cha mafuta hupata hadhi kwa njia hiyo. Pale Asmara, kituo cha Fiat Tagliero cha mwaka 1938 kina mabawa mawili ya zege yanayoning'inia bila nguzo, kila moja mita 15 hivi, na mji wake umeingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2017 kwa ajili ya majengo yake ya kisasa. Huko Marekani, mji wa Columbus katika jimbo la Indiana una watu wapatao 50,000, na wageni wanalipa nauli ya basi la kuongozwa ili waonyeshwe makanisa, maktaba, shule na kituo cha zimamoto. Mji huo ni nyumbani kwa kampuni ya injini za Cummins, jina ambalo madereva wetu wa malori wanalijua vizuri. Tangu miaka ya 1950 mfuko wa kampuni hiyo umekuwa ukilipa ada ya msanifu wa majengo ya umma, kwa sharti kwamba achaguliwe kutoka orodha ya wasanifu mahiri. Halmashauri ya Mji wa Kasulu ilikutwa na zaidi ya watu 200,000 katika sensa ya 2012, mara nne ya Columbus. Kwa hiyo anayeleta hoja ya udogo wa mji aanze kwanza kujifunza hesabu.

Sasa tutazame matembezi ya kuongozwa yanayoweza kufanyika huku kwetu, kutoka Kasulu kupita Makere na Kagerankanda hadi Kibondo. La kwanza kuonyeshwa ni mstari wa nyumba kando ya barabara. Waha waliishi kwa kutawanyika, kila kaya na migomba yake. Operesheni ya vijiji ilifika Kigoma mwaka 1972, kabla ya agizo la 1973 lililoihusu nchi nzima, na watu wakahamishwa, wakapangwa kwa safu. Safu ile ni usanifu mtupu: iliamuliwa ofisini, ikapimwa kwa kamba na vigingi, na hadi leo ndiyo inayoamua jirani yako ni nani na shamba lako liko umbali gani. Hata mvutano wa wakulima wa Kagerankanda na hifadhi ya msitu wa Makere Kusini hauelezeki mpaka uulize nani alichora mpaka, na alichora wapi. La pili ni darasa. Mwishoni mwa 2021 yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima kwa mkopo wa IMF wa kukabiliana na Uviko, kwa ramani za kutoka juu na mafundi wa kutoka kijijini. Simama nyuma ya darasa lolote la Kasulu lenye bati lisilo na mfereji, uangalie chini ya dirisha: utaona utepe mwekundu wa udongo uliorushwa ukutani na matone ya mvua, na chini yake msingi unaoanza kubaki mtupu. Kisha mwelezaji awaambie watu kwamba Beda Amuli, msanifu wa Kitanzania, alipochora Soko la Kariakoo mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliliezeka kwa miavuli ya zege iliyopokea mvua na kuiteremsha kwenye matangi ya chini. Nusu karne baadaye tunajenga shule zinazoyaachia maji yale yale yazimomonyoe, huku wanafunzi wakitumwa kisimani na madumu. Soko lile liliungua Julai 2021. Tulililia sana, ila waliomtaja Amuli katika kilio hicho walihesabika.

Wapo watakaosema watalii hawatakuja Kasulu kutazama madarasa. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo hutolewa kwa sauti kubwa kuliko zote. Nani kasema macho yenye thamani ni ya mwenye pasipoti ya kigeni? Mwanafunzi wa Kabanga, fundi mwashi wa Kibondo na diwani anayepitisha bajeti ndio wa kwanza kutembezwa, maana ndio watakaojenga kesho. Wengine husema majengo haya ni mabaya. Na yawe mabaya! Mwelezaji mzuri huonyesha pia kosa, akataja gharama yake. Aanze na ghorofa za vioo vya bluu zinazoigwa kutoka Dar es Salaam, zinazofungia joto la mchana ndani na kudai viyoyozi, katika mkoa ambao hadi juzi umeme wake ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Na wapo watakaouliza kama tunataka kupeleka mabasi Nyarugusu watu wakapige picha za wakimbizi. Hapana, na hakuna aliyeomba hivyo. Lakini kambi iliyofunguliwa 1996 kwa Wakongo, ikajazwa tena na Warundi 2015, na ambayo wakaazi wake walitoka kwenye maturubai wakajijengea kwa tofali za udongo, ni sura nzima ya ujenzi wa zama hizi, na inaweza kusimuliwa bila kumwingilia mtu mlangoni. Mtabila, kambi nyingine ya wakimbizi iliyofungwa 2012, sasa ni jina la kikosi cha JKT. Mji mzima wa watu umegeuka kambi ya jeshi, na sisi tunasema hakuna historia.

Chanzo cha yote haya kimeandikwa ukutani, kwenye jiwe la msingi. Soma lolote: jina la mheshimiwa aliyeliweka, cheo chake chote, tarehe, au jina la kiongozi wa mbio za Mwenge aliyezindua kwa dakika kumi na kuondoka na msafara. Msanifu hayumo, fundi hayumo, waliobeba mawe na maji kwa kujitolea hawamo. Jengo lisilo na mwenyewe halina wa kulitetea siku linapochorwa X nyekundu kupisha barabara. Kwa sasa halmashauri za Kasulu na Kibondo zianze na jambo dogo: kila jiwe jipya liandikwe aliyechora na mafundi waliojenga, na kila jengo la umma lililopo liorodheshwe pamoja na mwaka wake na majina hayo, wakati wazee waliolijenga bado wako hai wa kuulizwa. Kazi hiyo haisubiri wizara. Inahitaji daftari, na afisa utamaduni aliye tayari kutembea kwa miguu.